Siku Mama Alipomkuta Farao

Mama yangu hajui kutalii. Ukimpeleka mahali, anataka kusalimia watu, aulize nani amezaa na nani anaumwa, kisha apewe kiti akae. Kwa hiyo kanisa letu la kule Iroquois, mtaa mmoja wa Louisville huku Amerika, lilipotangaza safari ya Misri, sikumfikiria hata kidogo. Waliokuwa wakienda ni Wamarekani wazee wanaosali asubuhi katika jengo lile lile ambamo sisi Wakongomani tunasali mchana, wao wakishamaliza kahawa yao. Lakini miaka ile televisheni ilikuwa inaionyesha Misri kwa sura mbaya, na bwana mmoja na mkewe wakaogopa, wakajitoa. Nafasi zao zilikuwa zimekwisha kulipiwa. Mchungaji akauliza kama kuna mama kwetu anayetaka kuiona nchi ya Yusufu, na mama akanyoosha mkono kabla sijamaliza kutafsiri.

"Mama, kule banasema kuko fujo," nilimwambia ndani ya gari tukirudi nyumbani, mtaa wa Newburg.

Akacheka mpaka akajishika mbavu. "Bazungu banaogopa fujo ya mu televizio! Bon, baogope. Siye tunaenda."

Ukweli ni kwamba Misri aliijua kuliko alivyoijua Louisville. Kule Kivu, na baadaye kambini Tanzania, alikuwa mwalimu wa watoto kanisani, na somo la Farao alilifundisha kwa mwili mzima: alipanda juu ya benchi, akavimbisha mashavu, akakataa mara kumi kuwaachia watu waende, kisha akazama. Kuzama ndiko tulikokungojea. Alikuwa akijitupa mchangani akitapatapa huku akipiga kelele, na sisi tukishangilia kifo cha mtu bila huruma yoyote.

Mimi nami, niliyepewa nafasi ya pili ili nimtafsirie, nilikuwa na jambo langu katika safari hiyo. Kaka yangu anayeishi Buffalo na mama mdogo wa Columbus walikuwa wamenituma. Walitaka nimwambie mama kwamba wakati umefika wa kumwekea baba matanga. Walinichagua mimi kwa sababu ndimi ninayeishi naye, na kwa sababu, alivyosema kaka, hotelini mama hatakuwa na chumba chake cha kujifungia.

Baba tulipoteana naye vita vilipoanza. Tulikuwa tumeshafika barabarani na mizigo kichwani, mvua inanukia, kaka ana homa, baba akasema anarudi nyumbani mara moja kuchukua godoro. Hatukumwona tena. Baadaye mtu mmoja alisema amemwona kando ya ziwa amelala chini, hatikisiki. Mwingine akasema amemkuta Zambia, anauza sabuni. Mama akaishika ile ya sabuni, na kwa miaka yote hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Kanisani wajane wakiitwa mbele kuombewa, yeye hubaki amekaa, anakagua viatu vyake. Kaka alipomgusia matanga kwenye simu alimjibu, "Kilio ya nani? Umeona maiti?" halafu akanirudishia simu na kwenda kukaanga ndizi. Kaka yangu ana watoto watatu sasa, na kila anapotaka kuwasimulia habari za babu yao hajui aanze vipi, kama habari za mtu aliyelala au za mtu aliye safarini.

Basi tukafika. Siku ya kwanza walitupeleka kwenye piramidi. Wazee wetu wa Kimarekani walipiga picha, mama akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la chini kabisa akaliwekea kiganja. Jiwe lilimfika kifuani. Akaangalia juu muda mrefu, mchanga unampiga usoni, mwenye ngamia anamsumbua kwa Kiingereza apande.

"Ni batu njo balibeba hii?" akaniuliza.

"Ni watu, mama."

"Na migongo yabo?" Akamgeukia yule mwenye ngamia, akamwambia kwa Kiswahili kwamba yeye hapandi mnyama mwenye dharau usoni, na mzee wa watu akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Siku ya pili tulikwenda sokoni, vichochoro vimejaa taa za shaba, mashuka na viungo, na wageni wachache sana. Hapo ndipo nilipopanga kumwambia. Nilitafuta mkahawa mdogo, nikaagiza chai ya nanaa. Lakini mama alikuwa amegundua kwamba wauzaji wanasema sita, saba na tisa karibu kama sisi, na furaha ilikuwa imempanda kichwani. Aliiacha chai ipoe, akashindana bei ya kitambaa cha mezani na kijana mmoja, yeye anasema sita, kijana anasema tisa, wote wawili wanacheka, na mwisho wakapeana mikono kwenye saba kama ndugu waliomaliza ugomvi. Sikuwahi kumwona hivyo tangu tufike Amerika, ambako dukani bei haina mtu wa kuongea naye. Nikashindwa. Nilimpenda mno wakati ule kuweza kumharibia siku.

Siku ya tatu ndiyo ya makumbusho. Jengo ni kubwa, limejaa sanamu zilizobanana kama abiria, na mwongozaji wetu, bwana mpole mwenye kikohozi, alitupitisha haraka mpaka mlango wa chumba kimoja ambacho ndani yake hairuhusiwi kusema kwa sauti. Humo wamelazwa wafalme wa kale wenyewe, kila mmoja ndani ya sanduku la kioo. Mwongozaji akatuonyesha mmoja, akanong'ona kwamba wako watu wanaosema huyu ndiye Farao wa Musa, ingawa wataalamu hawakubaliani. Nikatafsiri nusu ya kwanza, ya pili nikaiacha kwa uvivu.

Mama akanivuta kitambaa cha kichwa. "Farao alikufiaka mu maji."

"Ndiyo, mama. Labda walimtoa."

"Nani alimutoa? Donc miaka yote nilidanganya batoto?"

Mzee mmoja wa Kimarekani akatugeukia na kidole mdomoni. Nikataka kucheka, nikataka ardhi inimeze. Mama hakumjali. Alisogea mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo, na nilikuwa tayari kwa lolote, hata kumwona anamkemea mfalme. Lakini mabega yake yakashuka. Aliyelala pale hakuwa na mashavu ya kuvimbisha. Alikuwa mzee mwembamba, shingo ndefu, nywele chache zimegeuka rangi ya kutu, mikono juu ya kifua, na kucha zote vidoleni.

Mwongozaji alikuwa anaendelea. Alisema wamempiga mfalme picha za mifupa, wanajua urefu wake, wanajua hata kwamba siku zake za mwisho meno yalimtesa sana. Nikatafsiri yote safari hii.

"Banajua na meno yake?"

"Wanajua, mama."

Akaanza kuvua viatu. Nilidhani miguu imemuuma. Akaviweka pembeni, vimefuatana vizuri, akakusanya kitenge chake na kuketi chini kwenye sakafu, miguu ameinyoosha, mgongo ameuegemeza ukutani karibu na kichwa cha yule mfalme. Kwetu ukiingia mahali penye maiti ndivyo unavyokaa. Hupiti tu na kutazama.

"Mama, inuka, watatufukuza."

"Huyu banamuchunga," alisema. Hakuwa ananijibu. "Hata hakukuwa mutu muzuri, lakini banamuchunga. Iko na kitanda. Iko na kitambaa. Na baba yenu, mimi sijue hata ni mutu gani alimufunga macho."

Halafu akalia. Hakupiga yowe. Alilia kwa ile sauti ya chini ambayo wanawake wa kwetu huianza siku ya pili ya kilio, siku ya kwanza ikiwa imekwisha. Ni kana kwamba ya kwanza alikuwa ameimaliza peke yake, kidogo kidogo, miaka hii yote, huku akitufulia na kutupikia.

Mlinzi wa chumba alikuja haraka, uso umekunjwa. Sikuwa na Kiarabu, nikamwambia tu kwa Kiingereza, nikimwonyesha mama kisha mimi mwenyewe, kwamba ni baba yangu. Alimtazama mama, akamtazama mfalme, akaondoka. Aliporudi alikuwa amebeba kiti chake cha plastiki. Mama alitikisa kichwa, akapigapiga sakafu kuonyesha kwamba mahali pake ni hapo. Yule bwana akakiacha kiti, akasimama mbele yetu ametupa mgongo, na kila mgeni aliyekuja upande ule alimwelekeza kwa mkono apite upande mwingine. Mungu ambariki popote alipo. Nikavua viatu na mimi, nikakaa.

Jioni ilikuwa bado wakati tuliporudi hotelini. Mama alinawa uso, akakaa kitandani, akaniomba simu. Kisha akanirudishia, kwa sababu hajui kuipiga ile ya picha.

"Pigia kaka yako. Halafu mama yako mudogo ya Columbus. Bapange safari, bakuje Louisville. Bakaribishe na bachungaji."

"Nimwambie nini kaka?"

"Mwambie baba yake amekufa."

Kwao Buffalo ilikuwa asubuhi. Kaka alitokea amevaa koti, ametoka kazi ya usiku, nyuma yake watoto wanagombania kijiko kwa Kiingereza. Alitabasamu, akauliza kama tumeona ngamia. Nikayasema maneno kama nilivyoagizwa, sikuongeza wala kupunguza. Sisi ndio tuliokuwa tukimbembeleza mama miaka yote ayakubali, mimi na yeye, lakini nilimwona kaka yangu anatafuta kiti kwa mkono bila kuangalia, kama mtu aliyepigiwa simu kutoka hospitali. Kisha akauliza, sauti ikiwa ndogo, kile ambacho kila mtu huuliza.

"Lini?"

Nilimgeukia mama. Alikuwa anafungua kitambaa cha kichwa, polepole, nywele zake nyeupe zikitoka.

"Mwambie ni leo."