Neno Towashi Nyumbani Kwetu Malindi

Mwaka niliopewa upadri nilirudi nyumbani Malindi, hii ya Lushoto na si ile ya pwani, mwezi wa Agosti, wakati baridi ya milimani inapowafanya watu wavae makoti mpaka saa nne asubuhi. Baba alitaka misa ya shukrani uani kwetu, siku ya Ijumaa. Mimi ndiye mwanawe wa kiume wa pekee. Nilijua misa ile ilimgharimu kitu zaidi ya mbuzi na mchele, maana tangu nilipoingia seminari hakuna aliyewahi kuniambia kwamba baba amefurahi. Waliniambia tu kwamba amekubali.

Ukoo wetu ni wa dini zote. Babu alikuwa Mwislamu. Baba yangu alibatizwa akiwa kijana. Mdogo wake, baba yangu mdogo, alibaki kwenye dini ya babu, na shangazi yetu aliolewa na Mlutheri huko Kwai akawa Mlutheri kuliko mumewe. Kwa hiyo mbuzi wa siku ile alichinjwa na baba mdogo mwenyewe, ili wote tule bila shaka, na alikuja mapema akakaa kwenye misa nzima kwa heshima ya kaka yake, kofia yake kichwani, mikono magotini.

Ningeweza kuchagua somo jingine. Kwa misa ya shukrani inaruhusiwa. Lakini nilikuwa mpya, na mtu mpya hufuata kalenda. Nilifungua Injili ya siku nikaanza kusoma bila kufikiria: Mathayo, Mafarisayo wanamuuliza Yesu kuhusu talaka, na mwishoni wanafunzi wanasema kama mambo ndiyo hayo basi ni heri mtu asioe. Hapo ndipo nilipoona linalokuja. Macho yalikuwa yameshalifikia kabla ya mdomo. Nikasoma kwamba wako matowashi waliozaliwa hivyo, wako waliofanywa hivyo na watu, na wako waliojifanya hivyo kwa ajili ya ufalme wa mbinguni.

Bibi mmoja jirani, mzito wa masikio, akauliza kwa sauti kubwa, "Towashi ni nani?"

Watu wakageuka kumtazama. Baba mdogo, aliyekuwa ameketi karibu naye, akamwinamia akamjibu. Nadhani alifikiri ananong'ona.

"Aliyehasiwa, mama. Kama maksai."

Kicheko kilianzia kwa vijana waliosimama nyuma, kikapita kwa akina mama, kikafika mbele. Hakikuwa kicheko cha ubaya. Watu walicheka kama wanavyocheka mtu anapoteleza kwenye tope, halafu wakajizuia. Mimi nilimtazama baba. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, na suti yake aliyoshonesha Lushoto kwa ajili ya siku hiyo. Aliinamisha kichwa akawa anaangalia viatu vyake, na hakukiinua tena mpaka misa ilipoisha.

Mahubiri niliyoyaandaa kwa siku nyingi sikuyatoa. Nilisema maneno machache ya asante, nikaendelea na misa. Masikio yalikuwa yakiniwaka.

Baada ya chakula, baba aliwaita watu wa ukoo ndani. Alitaka kutumia nafasi ile kusema kuhusu shamba la babu, kile kipande cha bondeni chenye maji, ambacho kwa kawaida yetu kingekuwa changu. Dada yangu mkubwa, aliyekuwa ameachwa na mumewe na kurudi nyumbani na watoto wake, alikuwa anatuletea chai. Baba mdogo akasubiri amalize kumimina, kisha akasema kwa upole kabisa.

"Kaka, mtoto huyu nampenda. Lakini ardhi inafuata watoto. Yeye hana mke, na anatuambia hatakuwa naye. Tukimpa yeye, kesho tunampa nani?"

Aliyejibu ni shangazi, lakini hakumjibu baba mdogo. Alinigeukia mimi. Shangazi alikuwa muuguzi miaka mingi kabla ya kustaafu, na Biblia anaisoma kila siku kama anavyokunywa dawa yake ya presha.

"Baba," aliniambia, maana ndivyo shangazi zetu wanavyotuita, "mimi sikucheki. Nataka unifundishe. Petro alikuwa na mama mkwe, Yesu akamponya homa. Huwezi kuwa na mama mkwe kama huna mke. Paulo anamwandikia Timotheo kwamba askofu awe mume wa mke mmoja. Sasa ninyi jambo hili mmelitoa wapi?"

Swali hilo nilikuwa nimelifanyia mtihani. Nikamwambia kuhusu Wakorintho wa Kwanza, sura ya saba, kwamba asiyeoa hujishughulisha na mambo ya Bwana, na aliyeoa moyo wake umegawanyika. Nikamwambia kwamba Yesu mwenyewe hakuoa, na kwamba alisifu walioacha nyumba na ndugu kwa ajili yake.

"Sura hiyo hiyo," shangazi akasema, "Paulo anakiri kwamba kwa jambo hilo hana amri ya Bwana. Anatoa shauri."

"Ni kweli."

"Kwa hiyo hakuna mstari unaoamuru?"

Wote walinitazama. Dada alisimama mlangoni na birika mkononi. Ningeweza kusema maneno marefu, ninayo mengi, na nusu yake ni ya Kilatini. Nikasema, "Hakuna, shangazi. Kuna mistari inayoalika. Sheria yenyewe ni ya Kanisa."

Niliposema hivyo nilisikia baba akivuta pumzi. Lilikuwa jibu la kweli, nami ningelirudia leo. Lakini mbele ya baba, ambaye kwa sababu ya jibu hilo hatapata mjukuu kwangu, lilisikika jembamba sana. Niliona aibu kama mtu aliyeitwa kutoa ushahidi akakuta ana karatasi moja tu mfukoni. Kikao kiliahirishwa. Watu waliaga mmoja mmoja, na hakuna aliyenitania, jambo ambalo lilikuwa baya zaidi.

Asubuhi yake nilimkuta baba bandani anawakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kugeuka. Nikachukua panga la pili tukakata pamoja kwa muda.

"Walikulazimisha?" akauliza.

"Hapana, baba."

"Maana jana umesema ni sheria."

"Ni sheria, lakini niliambiwa kabla. Niliulizwa mara nyingi. Kuna hata mapadri Wakatoliki wa Mashariki, wa nchi nyingine, ambao wana wake. Ni Wakatoliki kama sisi."

Akasimama na panga mkononi. "Wapo?"

"Wapo."

"Na wana watoto?"

"Wanao."

Niliona habari ile inamuumiza, na nikatamani nisingeisema. "Basi wewe kwa nini?"

Sikuwa na mstari. Nikamweleza kitu alichotuambia mwalimu wetu wa Maandiko seminarini, kwamba huenda neno lile la matowashi halikuwa la Yesu. Huenda lilikuwa tusi. Mtu wa umri wake, mwalimu, bila mke, anatembea na wanaume wenzake kijiji hadi kijiji. Watu wa kwao lazima walisema kitu. Huenda walimwita hivyo barabarani, naye akalichukua neno lao akaliweka mdomoni mwake. Nikasema hatuna uhakika, ni maoni ya wasomi. Lakini mimi niliposikia hayo nilimpenda Yesu kuliko siku nyingine yoyote, na nikataka kusimama upande wake.

Baba alikata majani kidogo.

"Kwa hiyo na yeye walimcheka," akasema.

"Nadhani hivyo."

"Na baba yake alikuwepo?"

Baba akaweka panga chini, akafuta mikono kwenye suruali. "Jana niliinamisha kichwa," alisema. "Wewe ulikuwa umesimama pale na kitabu cha Mungu, mimi nikaangalia viatu. Nimelala na jambo hilo usiku kucha. Mzee mzima namwonea aibu mwanangu mbele ya watu." Machozi yalimtoka, na kwetu mgoshi, yaani mwanamume, halii mbele ya mtoto wake, kwa hiyo mimi nikageuka nikamwangalia ng'ombe. Wote wawili tulikuwa na aibu, na hakuna aliyejua namna ya kumwondolea mwenzake.

Kabla sijaondoka kwenda kituo changu, baba aliwaita tena ndugu zake. Akasema shamba la bondeni anampa dada yangu. Kama mwana wa kiume hana watoto, na binti anao wanaokula nyumbani kwake, ardhi ifuate watoto, kama mdogo wake mwenyewe alivyosema. Baba mdogo alikasirika, akasema hakumaanisha hivyo, kwamba watoto wale ni wa ukoo mwingine. Alitoka bila kuaga. Ilichukua muda mrefu kabla hajaingia tena kwetu, na hata sasa akija hukaa kwenye ukingo wa kiti. Dada analima karoti na kabichi kule bondeni. Wapo wanaosema padri alimpokonya baba yake mdogo shamba kwa ujanja, na sijawahi kupata njia ya kuwajibu.

Mama ndiye hakusema kitu siku zote zile. Alipika, akafua kanzu zangu, akanipigia pasi. Krismasi iliyofuata nilipata siku chache za kumtembelea, tukakaa jikoni tunamenya viazi. Akaniuliza, bila kuinua macho, kana kwamba anauliza bei ya sukari.

"Ukizeeka, nani atakupikia uji?"

Nilitaka kumwambia kuhusu nyumba ya mapadri wazee, kuhusu masista, kuhusu malipo ya mara mia aliyoyaahidi Bwana kwa walioacha nyumba zao. Yote ni kweli. Nikasema, "Sijui, mama."

Akatikisa kichwa, akachukua kiazi kingine. "Basi jifunze kupika," alisema, akanionyesha namna ya kuukoroga uji wa ulezi usifanye mabonge.