Nilipoificha Sukari ili Malaria Ife Njaa

Nakiri mapema: mimi ndiye niliyeificha sukari. Paketi nzima, ndani ya buti langu la mpira, mahali ambapo hata panya wa mtaa wetu wa Fedha hawathubutu kuingia. Sikuwa mwizi. Nilikuwa daktari.

Dadangu mkubwa anasoma chuo kikuu na anafuga malaria. Majirani wanafuga kuku kwenye balkoni; yeye anafuga vimelea maabara, kwenye vichupa vya damu, na lazima avibadilishie chakula kila siku. Mama hulalamika kwamba vinamkosesha dada kanisa la Jumapili. Wiki hiyo alikuwa ametueleza mezani kwamba kimelea cha malaria, kikishaingia kwenye chembe ya damu, kinabugia sukari kama mgeni wa harusi. Kikiikosa, kinakufa. Yeye na wenzake wanachunguza kinavyokula ili ipatikane dawa mpya, maana zile za zamani kimeanza kuzizoea.

Mimi nilisikia "sukari" na "kinakufa". Mengine yalinipita.

Sasa, kitinda mimba wetu alikuwa amerudi kutoka ushago, kijijini kwa nyanya, akiwa na homa. Kliniki wakampima, wakaona malaria, wakampa vidonge. Mama akaenda soko la Kariokor kuuza akala zake, vile viatu vya matairi, akaniachia mgonjwa na amri moja: "Hakikisha anakula na anakunywa chai."

Kula alikataa. Nikamletea chai.

"Hii chai haina sukari!"

"Si wewe unayenyimwa, ni malaria. Kunywa."

"Kwani malaria iko wapi?"

"Iko ndani, inalia njaa. Huisikii?"

Alicheka kidogo. Kufikia saa nane mchana hakuwa anacheka tena. Mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, baridi kama maji ya mfereji, na nilipomwita alinitazama kama hanijui. Utani wote ukaniisha. Nikampigia dada simu nikamwambia ukweli, hadi habari za buti.

"Anaweza kumeza?"

"Anaweza."

"Koroga sukari kwenye maji, mketishe, mnyweshe polepole. Nakuja tumpeleke kliniki. Na wewe, nitakuua baadaye."

Jioni, pale kliniki, mtoto alifumbua macho vizuri akauliza kwa nini maji yale yalinuka soksi. Sijawahi kufurahia tusi kiasi hicho.

Tukirudi, dada akiwa amembeba mgongoni, nilimwuliza nilikosea wapi.

"Umefunga maji ya ploti nzima kwa sababu ya mpangaji mmoja," akasema. "Sukari tunaila sote, sisi na kimelea. Lakini chenyewe kina mlango wake wa kuingizia sukari, haufanani na wetu. Huo ndio tunataka kuufunga, huo peke yake."

"Mtaweza?"

"Mlango tumeshauona. Sasa tunatafuta kufuli."

Alisema hivyo bila wasiwasi wowote, kama mtu anayetafuta kufuli soko la Gikomba na anajua zinauzwa upande gani. Nikamwomba siku moja anipeleke maabara.

"Ukiacha buti nyumbani."

Mama alisikia yote, ya buti na ya kufuli. Alipika chai, akafungua paketi mpya, akashika kijiko, akasema: "Mtoto, viwili. Dadako, vitatu, ana kufuli la kutafuta, na ya Jumapili Mungu ataelewa. Wewe kunywa hivyo hivyo, tuone kama utakufa."