Ruhusa ya Kabla ya Msiba

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko nyingi alizonijaalia Mola katika kazi ya matangazo. Ilikuwa Alhamisi, nimesimama Makadara nikiangalia ukuta, na moyo wangu umetulia kabisa. Utulivu ule ndio unaonitia haya hadi leo.

Nilikuwa kijana, nimeajiriwa na kiwanda kidogo cha mafuta ya kujipaka, ofisi yake upande wa Kilindini. Kazi yangu ilikuwa kuwafanya watu wayatake mafuta ambayo hadi jana yake waliishi vizuri bila hayo. Siitukani kazi hiyo. Imenilelea watoto, alhamdulillahi, nami niliifanya hadi nikastaafu.

Mwaka ule tulikuwa na mafuta mapya yenye harufu ya asumini. Sikutaka sura ya msichana wa mbali asiyejulikana. Nilitaka sura ambayo Mji wa Kale ungeiamini, nikamwendea Bi Salma, fundi wa kupaka hina, ambaye mabibi harusi wengi wa mitaa yetu walipita mikononi mwake. Mumewe, Bwana Omari, aliyekuwa akiendesha winchi bandarini, alikuwapo nyumbani.

"Mpige picha vizuri," akaniambia, "asije akatoka na sura yangu."

Tukacheka. Bi Salma akajifunga leso mpya, akabandika kikuba cha asumini kifuani, akaisogeza chupa puani huku akitabasamu. Wote wawili wakatia saini karatasi ya ruhusa. Mambo yalikwenda kwa heshima, na lau yangeishia hapo nisingekuwa na la kukusimulia.

Mpiga chapa wa mabango alichelewa. Miezi miwili ikapita, Bwana Omari akaugua siku chache tu, akafariki. Nilikwenda maziko. Bega langu lilipita chini ya jeneza lake. Kwa hiyo usinitafutie udhuru, mwanangu. Nilijua kwamba Bi Salma ameingia eda, na nilijua eda ni nini: miezi minne na siku kumi, mjane hukaa nyumbani, hatoki ila kwa haja, hajipambi, hajitii manukato. Meneja wangu, Bwana Kamau, Mkristo mwema aliyetoka bara, hakuyajua hayo wala hakuna aliyemfundisha. Mimi niliyasoma chuoni, mkekani, mbele ya maalim. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wiki ya tatu ya eda mabango yakaletwa ofisini. Nikalishika moja, nikajiambia: picha ni ya zamani, ruhusa ninayo, saini ziko kabatini. Nikawapa wabandikaji. Kufikia asubuhi ya Alhamisi, kuanzia Makadara hadi Ndia Kuu, mjane alikuwa ukutani anatabasamu, chupa ya manukato puani.

Hapo Makadara, nikilitazama bango, ndipo aliponikuta jirani mmoja wa Bi Salma, akaniambia kwamba Bi Maryamu, mamake marehemu, ananiita.

Nilimkuta ameketi sebuleni. Bi Salma alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Sikumwona. Shee, nduguye marehemu, alikuwa amesimama, uso umemwiva.

"Udongo wa kaburi haujakauka," akasema, "na mke wa ndugu yangu auza manukato sokoni. Huyu hatamaliza eda chini ya paa hili."

"Nyamaza, Shee," akasema mamake. "Mimi nimemwita mwenye bango. Wewe sikukuita."

Nikaitoa ile karatasi, maana nilikuwa nimepitia ofisini kuichukua kama mtu achukuaye mwavuli. Shee akaisoma. Alipoifikia saini ya nduguye akaketi. Nikadhani yamekwisha.

Bi Maryamu akanitazama kwa utulivu. "Haya, huyu mmoja amesoma. Na mtaa je? Utaibandika karatasi hiyo kando ya kila picha?"

"La, mama."

"Salma yuko mle ndani. Hawezi kutoka akajieleze dukani, wala kwenye nyumba za harusi anakopata riziki yake. Wewe una miguu. Na ulimi unao, tena mrefu, ndio wauzia mafuta."

"Nisamehe, mama. Nilikuwa na ruhusa."

"Ulipompa bega mwanangu siku ile, bega lilikuwa lako au la kiwanda?"

Nikaichukua karatasi yangu, nikatoka.

Nilirudi kwa Bwana Kamau nikamwomba tuyateremshe mabango. "Sheria iko upande wetu," akasema. Nikamwambia najua, kisha nikamweleza eda, jambo ambalo lilinipasa kumweleza mapema. "Kwetu pia mjane haimbishwi," akasema. "Lakini wewe ulijua, na hukuniambia." Akaniruhusu. Tangazo la Ramadhani, ambalo nililingoja mwaka mzima, akampa mwenzangu, na hakukosea.

Ijumaa, watu walipokuwa wakitoka msikitini, nilipanda ngazi Makadara mwenyewe. Muuza matunda akaniita kutoka chini.

"Bwana matangazo, yateremka tayari? Mafuta yameoza?"

"Mafuta ni mazima. Aliyeoza ni mimi."

Akacheka. Nikashuka nikamweleza: picha ilipigwa mumewe akiwa hai, kwa idhini yake, na aliyeitoa wakati wa eda ni mimi. Niliyasema hayo kila ukuta, kwa kila aliyeuliza na kwa wengine ambao hawakuuliza. Pale Ndia Kuu, ngazi ikaanza kuyumba, kisha ikatulia. Nikatazama chini, ni Shee ameishika kwa mikono miwili.

"Umeacha kipande huko juu," akasema. Akanishikia ngazi hadi ukuta wa mwisho.

Bi Salma alimaliza eda yake chini ya paa lile. Wengi waliyaamini maelezo yangu. Familia moja iliyokuwa imepatana naye kwa harusi ya binti yao ikatafuta fundi mwingine wa hina, wala haikumrudia tena. Neno likishatoka halirudi lote. Sikuwahi kumwomba picha nyingine, naye hakuwahi kunitaja kwa ubaya.

Sasa, mwanangu, wewe una simu mfukoni, unapiga picha za watu na kuzirusha duniani kabla chai haijapoa. Nisikilize. Ruhusa ina siku yake. Mtu aliyekubali jana akiwa na furaha, leo huenda amefiwa, ameachwa, ametubia au amebadilika tu. Mrudie umuulize, kwani kuuliza si ujinga. Usijifiche nyuma ya saini ukiwa unajua lisiloandikwa. Na ukimwumiza asiyeweza kutoka kujitetea, usimtumie salamu za pole: nenda wewe, mchana, useme kosa ni lako, kwa sauti ileile uliyouzia bidhaa.

Mola akujaalie riziki isiyomvunjia mtu heshima, akupe wazee wa kukukanya ungali na nguvu za kupanda ngazi, na akusitiri wewe na wote watakaokuamini kwa sura zao. Amin.