Kipande Kikubwa

Kile kipande kikubwa nilikuwa nakichukua mimi. Nimelikana jambo hili zaidi ya miaka ishirini, mbele ya mama yangu, mbele ya padri mmoja, na mara nyingi zaidi mbele ya kioo, ambacho ndicho rahisi kukidanganya.

Nina kifafa. Hilo pia nililikana, lakini wakati wa vita lilikuwa rahisi. Nikianguka uani nilisema ni njaa, na katika mji wetu wa Kindu siku zile hakuna aliyebishana na njaa. Treni ilikuwa imekoma, mashua hazipandi tena mtoni, chumvi tuliilamba kama peremende. Vidonge vya kuzuia kuanguka vilibaki kwa muuguzi mmoja tu, naye alitoa kidonge kimoja kwa siku kwa wasichana wawili: mimi, na binti wa shangazi yangu, mgonjwa kama mimi, tuliyelala naye mkeka mmoja.

Kwetu anayekata hachagui. Iwe muhogo, iwe samaki, mwenye kisu husubiri mwenzake achague kwanza. Mimi nilikuwa na wembe, kwa hiyo yeye alichagua. Lakini kidonge hakipasuki sawa, nami niliweka kipande kikubwa chini ya kidole gumba, ukingo tu ukichungulia, kionekane kidogo. Alichukua kile kingine.

Wiki moja ilimtosha kugundua. Na watoto wa shangazi na mjomba, kwetu, ruhusa ya kutukanana wanazaliwa nayo.

"Weye mwizi," akaniambia, anatazama gumba langu. "Ile kipande yako iko na mimba."

"Funga kinywa, sura kama ya ngedere."

"Ngedere njo weye. Siku nitakufa, nitakuja kudai kipande yangu. Utanisikia mlangoni."

Tukacheka. Kisha akachukua kile kidogo, siku ile na siku zote zilizofuata. Sijawahi kuelewa kwa nini.

Mapigano yaliposogea, mjomba wake mmoja alimchukua kwa miguu kuelekea Punia. Tuligawana vidonge vilivyobaki. Nilivigawa mimi. Tangu asubuhi ile hakuna aliyewahi kutuletea habari zake, wala za kaburi.

Miaka ikapita. Nikasoma chuo kikuu, nikawa mtu wa kuandika makala kuhusu ukweli, Mungu anisamehe. Juzijuzi, kwenye ukuta wa zahanati, niliona bango: mkono umeshika mkono, namba ya simu, na maneno "Hauko peke yako". Lilikuwa kundi la mtandaoni la watu wenye kifafa. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutiwa miwani, lilikuwapo jina la kampuni ya dawa. Nilijiunga nikidai ni kwa ajili ya mpwa wangu. Sina mpwa.

Mlezi wa kundi alinikaribisha kwa maua na mioyo, akanitumia fomu: tusimulie safari yako. Nilisimulia vizuri, maana ndiyo kazi yangu. Nikaandika wembe, mkeka, Punia. Nikaandika pia: "Tuligawana nusu kwa nusu, kama ndugu." Mwishoni kulikuwa na kisanduku cha kukubali kitu fulani. Miaka yote ile ya chuo, halafu nikatia alama bila kusoma.

Baada ya miezi mitatu akaingia mwanachama mpya. Picha yake ilikuwa mkono na kikombe, bila uso. Aliandika kwamba wakati wa vita yeye na binamu yake walikata dawa kwa wembe, wakalala mkeka mmoja, kisha yeye akapelekwa Punia.

Nilikaa chini sakafuni, maana kiti kilikuwa mbali.

Nikamwandikia: "Ni weye?" Jibu lilifika kabla sijaondoa kidole. "Ni mimi, dada. Hauko peke yako." Huko Punia watu hupanda kilima kutafuta mtandao, hunyoosha simu juu kama wanaomba mvua. Yeye alijibu papo hapo, alfajiri, mchana, radi ikipiga. Nilijiambia labda amehama. Nilimtukana kwa furaha: "Sura ya ngedere, ulikuwa wapi?" Akajibu: "Asante kwa kushiriki hisia zako."

Nilijiambia pia kwamba watu hubadilika.

Kila siku alinisemesha kwa upole, na kila upole ulifika mahali pamoja: kidonge kipya cha kampuni. "Hiki hakikatwi, dada. Kila mtu anameza kizima." Nilisoma sentensi hiyo mara nyingi. Bado nilitaka awe yeye. Kama ni yeye, basi alifika. Basi kipande changu hakikumuua. Usiku nilianza kuacha mlango bila komeo.

Nikamwomba apige simu. Akaahirisha, akaahirisha tena. Nikaandika: bila sauti, natoka kundini. Jumamosi, saa sita mchana, nikiwa ukingoni mwa mto nangoja mtumbwi wa kwenda Alunguli, ng'ambo, simu ikaita. Namba ilikuwa ya Kinshasa.

"Jambo, dada," ilisema sauti ya mwanamke kijana, safi mno, kama ya mtu aliyezaliwa baada ya vita. "Ni mimi."

Nyuma yake nilisikia sauti nyingine, nyingi, zote za upole, zote zikisema dada, kaka, mama.

"Umekuja kudai?" nikauliza.

Vidole vikagonga kwenye kitu. "Kudai nini, dada?"

"Kipande yako. Sema tu. Nani alichukua kikubwa?"

Niliomba aniite mwizi. Mtumbwi ulifika, watu wakaanza kupanda, na mimi nilisimama na kapu la sombe, majani ya muhogo, nikimwomba Mungu nitukanwe. Vidole viligonga tena, vikakoma. Akawa amepata mahali alipokuwa akipatafuta.

"Hapana, dada," akasoma. "Tuligawana nusu kwa nusu, kama ndugu."