Diski ya Kasiani

Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa hapa Mlabani, na akili zangu timamu.

Nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo. Tuna seva moja, na ndani yake mwalimu aliyenitangulia, Kasiani, aliunda kompyuta pepe sita. Hazina umbo, lakini kila mwanafunzi akiwasha kioo chake anaona ana kompyuta yake. Kasiani akazama Kivukoni, mtumbwi ulipinduka. Nikaajiriwa mahali pake bila kuwahi kumwona, nikaachiwa seva yake, na zile sita zikawa zinajikokota kama konokono. Mtihani umebaki wiki moja, mkuu ananiuliza mbele ya wanafunzi kama kweli nilisomea kazi hii. Iliniuma, sikufichi.

Mama yake Kasiani alikuwa ameshanijia kutoka Katindiuka na begi la marehemu, ndani mna diski yake.

"Mwanangu, picha zake zote alisema zimo kwenye diski yake. Nitolee hata moja niiweke mezani siku ya kuondoa tanga. Mimi sina."

"Usijali, mama," nikamwambia. Nikalitia begi kwenye droo.

Alhamisi, saa nane, jua linachoma, vumbi tupu, akaingia mwanamume nisiyemjua. Shati limelowa chapachapa, mfukoni lina alama ya kuungua. Nikadhani ni muosha pikipiki. Hakusalimu hata! Akaketi, akatazama kioo kikisuasua.

"Zote sita zinagombania diski moja," akasema. "Tena umeziacha zikue kidogo kidogo, zimetawanyika vipandevipande. Zihamishie diski ya kasi, na uzipe saizi kamili tangu mwanzo."

Niambie wewe, muosha pikipiki anayajulia wapi hayo? Nikamuuliza diski ya kasi nitaitoa wapi. Akaitazama droo yangu.

"Ipo. Ila tanga la mwenyewe halijaondolewa. Subiri."

Nikageuka kumwita mkuu aje asikie. Kurudisha macho, hayupo. Chini ya kiti maji, mlangoni pakavu kabisa.

Ungeogopa? Mimi nilikasirika. Kwetu kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya tanga kuondolewa, iwe nguo, iwe jembe. Nikajisemea, diski si jembe.

Nikaitoa diski begini, nikaichomeka. Kompyuta ikasema diski haisomeki, niifomati, yaani niifute niianze upya? Kasiani alikuwa mtu wa Linux, kompyuta yangu ni Windows, haiwezi kusoma diski zake. Haki ya Mungu, nilijua. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anajua kwamba kutosomeka siyo kuwa tupu. Lakini nilikuwa na haraka, nikajidanganya kwamba picha zitakuwa kwenye flashi ndani ya begi. Nikabonyeza ndiyo. Kisha nikazihamishia humo zile sita, nikazipa saizi kamili, kama nilivyofundishwa, na diski nzima ikaandikwa sifuri mwanzo hadi mwisho.

Zikaruka! Wanafunzi wakapiga makofi, mkuu akanipa mkono. Jioni ile nikapekua begi. Flashi hamna. Nikajaribu kila programu ya kuokoa mafaili, zikaniletea sifuri tu.

Siku ya tanga mama alikuwa ametandika kitambaa cheupe mezani, mshumaa pembeni, katikati ameacha nafasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja nayo?"

Nikasema diski ilikuwa mbovu. Nilimdanganya mama wa watu, macho kwa macho.

Ndipo mjomba wake Kasiani akafungua sanduku la marehemu agawe nguo. Lilifungwa kwa kufuli tangu siku ya mazishi. Akatoa shati lenye mfuko ulioungua, na maji yakachuruzika mpaka kwenye mkeka. Wanawake wakapiga yowe. Mama hakupiga. Akalichukua, akalikamua taratibu, akanitazama.

"Alikuja kwako?"

"Ndiyo, mama."

"Alisemaje?"

"Alisema nisubiri."

Hakuniuliza tena. Siku hizi nikimkuta sokoni namwamkia, ananiitikia marahaba, lile neno mwanangu haliongezi tena. Juzi alimwambia muuza mchele, nami nasikia, kwamba uso wa Kasiani unaanza kumpotea.

Kompyuta bado zinakimbia. Kila asubuhi zinawaka upesi, nami nachukia upesi wake. Basi wewe unayejiona fundi, cha marehemu kiache mpaka tanga liondolewe. Na siku kompyuta ikikuuliza ifomati, nenda kwanza kamuulize mama yake mwenye diski.