Mtani wa Mama

Mama yangu alikuwa Mmakonde wa Chilangala, Mwanglikana tangu enzi za babu zake, aliyeolewa huku kwetu Chiungutwa. Jirani yetu ni mwanamke wa Kiyao, Mwislamu, na kwa mila zetu hao ni watani. Kazi hiyo waliifanya kwa moyo wote. Sijapata kusikia watu wazima wakitukanana vile.

"Mla panya wee, umeamka?" jirani alipaza sauti kila asubuhi kutoka uani kwake.

"Nimeamka, mtumwa wangu. Umeshanichotea maji?"

Mimi aliniita katoto ka panya, hata nilipokwisha kuota ndevu.

Sikukuu ya Idi, Mama aliingia jikoni kwake bila hodi akabeba sufuria ya pilau, na jirani akamkimbiza na mwiko hadi barabarani, bodaboda wakishangilia. Krismasi ilikuwa zamu yake. Asubuhi alituchinjia jogoo yeye na mumewe, ili sote tule, kisha mchana akaja kumwiba chunguni.

Mama alipozidiwa na ugonjwa alituusia jambo moja tu: "Msinililie kama wageni. Mwacheni mtani wangu awachekeshe." Jirani, aliyekuwa akimkanda miguu, akajibu kwamba atacheza mpaka jeneza licheke.

Siku ya maziko, padri alipomaliza sala, jirani alitokea amevaa gauni la Mama la kanisani, akichechemea kama Mama. Watu wakaangua kicheko. Nami nilicheka, kifua kikanilegea kidogo. Kisha akajilaza kizingitini. "Hatoki mtu hapa! Sufuria yangu iko wapi?"

Ndivyo ilivyo, mtani huziba njia mpaka apewe kitu. Baba mdogo akampa kuku. Hakumpokea. Akaongezewa kanga, hakuitazama. Tuliendelea kucheka hadi tulipoona mabega yake yanatetemeka.

"Mwizi huyu," alisema, "sasa nitamtukana nani mimi?"

Ilibidi wanawake wambebe ndipo jeneza lipite. Sikumlaumu. Niliumia kwa ajili yake kuliko nilivyoumia kwa ajili yangu.

Idi iliyofuata nilikwenda kwake. Sufuria ya pilau ilikuwa mlangoni, haina mlinzi, imewekwa makusudi iibiwe. Niliibeba, nikatembea polepole, nikisubiri mwiko na matusi. Hayakuja. Nilipogeuka alikuwa amesimama tu, ananitazama.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu kwa upole. "Karibu tule."