Choo Kilichotazama Kaskazini

Saida aliteremka kwenye basi la Dar es Salaam Jumatatu moja ya mwaka 2006, na vumbi la barabara ya Lindi lilikuwa bado limemkaa kichwani alipotangaza kwamba amekuja kumchukua mama yake. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Mama yake, Bi Sabra, alikuwa ameteleza barazani siku ya mvua akaumia nyonga ya kulia. Tangu hapo alitembea kwa mkongojo, na kuchuchumaa hakuweza tena. Nyumba yake pale Chikongola, mjini Mtwara, kama nyumba nyingi za umri wake, ilimtaka mtu achuchumae kutwa nzima. Chooni achuchumae, jikoni ainamie mafiga, na akitaka tui akalie mbuzi ya kukunia nazi, ambayo kwa mtu mwenye nyonga mbovu ni sawa na kuambiwa akae sakafuni.

"Kwangu kuna choo cha kukaa, mama," alisema Saida. "Na jiko la gesi. Huinami hata kidogo."

"Kwa hiyo nahama mji kwa sababu ya choo," alisema Bi Sabra.

"Unahama kwa sababu siku moja utaanguka na hakuna mtu ndani."

Bi Sabra alijikongoja mpaka mlangoni akatazama uani, na hilo lilimuuma Saida kuliko ambavyo ubishi ungemuuma. Mjane yule alikuwa na mikorosho yake, kaburi la mumewe na wanawake wenzake wa maulidi. Dar angepata nini zaidi ya kuhesabu magari dirishani? Saida akalegeza kamba. Likizo yake ilikuwa ya wiki mbili. Kama ndani ya wiki hizo mama yake ataweza kwenda chooni na kurudi mwenyewe, na kupika chakula cha mchana bila mtu kumshika mkono, yeye ataondoka peke yake. La sivyo watapanda basi wote wawili.

"Niitieni Eusebio," alisema Bi Sabra.

Ukweli usemwe: kama unataka fundi wa kukumalizia kazi upesi, Eusebio humtaki. Miaka ile wenye uwezo wa Mtwara walikuwa wameanza kupenda majiko ya kwenye kalenda, na mafundi waliwajengea kalenda hizohizo nyumba kwa nyumba, hata ukiingia kwa mtu hujui kama uko kwake au kwa shemeji yake. Eusebio hakujenga kalenda. Akifika kwako, kabla ya kutoa futi mfukoni, anamwomba mama mwenye nyumba apike. Apike kweli, chakula cha siku hiyo. Yeye anakaa pembeni na kipande cha mkaa, anatazama mkono unafika wapi, chumvi inatafutwa wapi, mtoto anapita mlango gani, na chakula kikiiva sakafu na kuta zimejaa alama. Wapo waliosema ana njaa tu. Na kabla ya kuchimba chochote cha choo anauliza, "Mkiswali hapa mnaelekea ukuta gani?" Swali hilo aliwauliza hata Wakristo wenzake, nao wakamcheka wapendavyo. Yeye alijua amelipata wapi.

Alizaliwa Mueda, Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma. Akiwa na miaka kumi na mbili vita vilimsukuma upande huu pamoja na dada yake Amelia, wakakaa na watu wa kwao kwenye kijiji cha jirani na Kilambo. Ujenzi alifundishwa na mzee Kasiani, fundi wa nyumba za misheni. Mjini Wamakonde wa ng'ambo kama wao waliitwa Wamawia, na jina hilo halikuwa la kumkaribishia mtu kiti. Vita vilikuwa vimekwisha, na mwaka 1993 malori yakaanza kuwapeleka watu mtoni wavuke warudi kwao, na Amelia akajiandikisha. Eusebio hakutaka. Mueda ile hakuwa na mtu anayemjua tena. Lakini huku nako alikuwa nani? Kijana wa kubeba matofali ya mafundi wengine.

Ndipo Bi Sabra, ambaye wakati huo alikuwa na miguu mizima na ulimi mkali, akampa kazi ya choo na bafu jipya uani kwake. Ilikuwa kazi yake ya kwanza peke yake. Eusebio akajiwekea nadhiri, tena akamsimulia kila aliyesimama kumsikiliza, mwenye nyumba akiwemo: kazi hii ikipendwa anabaki Mtwara, isipopendwa anapanda lori na dada yake.

Aliifanya kwa moyo wote. Aliokota vipande vya sahani zilizovunjika mtaa mzima, vya buluu na vyekundu, akavipachika kwenye lipu mbichi ya ukuta wa ndani, vikawa ua moja kubwa la kupendeza. Kisha, kwa kuwa mtu akiwa chooni hana kingine cha kutazama, akalilaza sinki la choo kwa namna ambayo mwenye kuchuchumaa analitazama ua lile uso kwa uso, mwanga wa dirishani ukilipiga. Alipomaliza alisimama mlangoni akajisifu kimoyomoyo, na mtu wa miaka ishirini na minne anaruhusiwa.

Ukuta ule ulikuwa wa kaskazini. Na kwa mtu wa Mtwara, kibla ni kaskazini. Mtoto aliyekulia nyumba ya Kiislamu anajua tangu utotoni kwamba mtu hajisaidii ameelekea kibla, wala hajisaidii ameipa mgongo. Kwa vile kila mtu anajua, hakuna anayekumbuka kumwambia fundi. Eusebio alikulia kwenye kivuli cha misheni, na mzee Kasiani alimfundisha mteremko wa maji tu.

Bi Sabra aliingia, akatazama ua, akatazama sinki. "Maashallah," alisema. "Bafu zuri sana, fundi."

Kila Eusebio alipopita kumsalimu alisifiwa tena. "Bafu lako, mwanangu, naoga kama bi harusi." Wageni waliletwa uani kulitazama ua. Kijana wa watu akatembea barabarani kifua mbele, akamwambia Amelia ajiandae kwenda peke yake.

Zilipobaki siku mbili lori liondoke, aliitwa na Selemani, mnunuzi wa korosho aliyekaa nyumba ya tatu kutoka kwa Bi Sabra.

"Nataka bafu kama la Bi Sabra," alisema Selemani. "Na ua liwepo. Ila choo usikielekeze kibla."

Eusebio aliuliza kwa nini anamwambia hivyo.

Selemani alimtazama kwanza, aone kama anatania. "Kwani hujui? Yule mama mwezi mzima anakuja kwangu na kopo lake. Alfajiri, mchana, jioni. Mke wangu alidhani choo cha kwao kimejaa."

Hapo ndipo Eusebio alipoyasikia upya maneno ya mwezi mzima. Bafu lilisifiwa, tena kwa haki, maana kuoga hakuna kibla. Choo hakikutajwa hata siku moja. Bi Sabra hakuwa amesema uongo.

Aibu iliyomshika ilikuwa ya kumfanya mtu avuke mto bila kungoja mtumbwi. Lori alilokuwa akilikimbia sasa alilitamani. Lakini alijiambia hawezi kuondoka na kumwachia mama wa watu kitu kile uani, kwa hiyo kesho yake asubuhi na mapema alikwenda na nyundo na tindo, akaanza kubomoa. Bi Sabra alitoka kwa kelele za nyundo, akaona, akarudi ndani. Baadaye alimletea uji. Sinki liligeuzwa robo mzunguko, mtu atazame mashariki, na ua libaki ubavuni kwake kushoto.

Alhamisi lori lilipopita mtaani, Amelia yuko juu na furushi na kuku wawili, Eusebio alikuwa na zege bichi kwenye karai, na zege likishachanganywa haliwekwi. Alitoka mbio na mikono yake ya saruji, akamshika dada yake mkono mpaka lori likaanza kwenda, kisha akarudi kulimwaga zege lake. Ijumaa Selemani akaja kuuliza kazi ya kwake itaanza lini. Baada ya Selemani akaja mwingine, na mwingine, na miaka ikapita Eusebio yuko Mtwara, na jina la Mmawia likafa lenyewe, watu wakabaki na fundi Eusebio. Lakini ule mwezi wa kopo hakumuuliza Bi Sabra hata siku moja. Alidhani mama wa pwani aliona haya kumwambia, basi.

Kwa hiyo alipoitwa Jumatatu ile ya 2006, alimwomba radhi bwana mmoja wa bandarini aliyekuwa akimjengea jiko, akakusanya vifaa vyake akaja. Kama kuna mtu mmoja katika mji ule aliyemfanya yeye awe fundi, ni yule mama.

Kitu cha kwanza, akamwomba apike.

"Kaka Eusebio," alisema Saida, "si ndicho hicho asichoweza?"

"Akae kwenye kiti cha meza. Apike kwa kuelekeza na mwiko, wewe uwe mikono yake. Mie nitatazama mwiko."

Saida alipika samaki wa nazi huku akiamrishwa kama mwali, na Eusebio akachora. Aliona kwamba Bi Sabra sasa anageukia kushoto tu. Aliona kwamba kila baada ya muda anatazama geti, ajue nani anaingia. Aliona kwamba kinachomliza si moto, ni nazi, maana Saida alipoikuna vibaya mama yake aligeuza uso.

Akajenga jukwaa la saruji la kimo cha kiuno, akayazamisha majiko mawili ya mkaa ndani yake, na chini akaweka mlango wa kutolea majivu kwa kijiti bila kuinama. Kila kitu alikipanga kushoto. Ukutani alitoboa dirisha jipya linalotazama geti. Na mbuzi aliipandisha: alijenga benchi la kimo cha kiti, akaufunga ule ulimi wa chuma kwenye ukingo wake, na mbele akaacha ngazi ya kuwekea bakuli. Chooni alileta choo cha kukaa, akakitazamisha mashariki. Kizingiti alikivunja, na sakafu aliikwaruza kwa ufagio wa chelewa kabla haijakauka ili isiteleze. Ubavuni akasimika bomba la chuma la kushikia. Ua la sahani hakuligusa.

Siku ya kumi Bi Sabra alijaribu, na mambo yakawa mabaya. Benchi lilikuwa refu, miguu ikaning'inia. Chooni bomba lilikuwa upande wa kulia, upande wa nyonga mbovu, na mkono wa kulia ndio wenye mkongojo. Ilibidi Saida amwinue. Walitoka wote wawili wanahema, na Saida akaenda kuanza kukunja nguo za mama yake.

Eusebio alijiona mjinga. Alikuwa ametazama mwiko jikoni, lakini chooni alitazama futi tu. Akamwomba Bi Sabra aketi pale juu na nguo zake, mlango wazi, ainuke polepole, mara tatu, mkono utafute wenyewe. Mkono wa kushoto ukaenda ukutani, mbele kidogo na chini kuliko alivyofikiri, karibu kabisa na ua. Pale pale akachora kwa mkaa. Bomba likahama, benchi likakatwa inchi mbili, na siku tatu zikapita za kungoja saruji ikaze, siku ambazo kila mtu nyumbani alikuwa mpole kupita kiasi.

Siku ya kumi na nne Bi Sabra alikwenda chooni, akafunga mlango, akakaa huko muda ambao Saida aliuona mrefu. Akatoka mwenyewe. Akaingia jikoni, akakuna nazi mbili, akapika wali na kunde, na wakati wali unaiva akachungulia dirishani akamwita mtu aliyepita getini aje kula. Saida alikula huku analia, na alipomaliza akaifungua mizigo ya mama yake akarudisha nguo kabatini.

"Ahsante, kaka," alimwambia Eusebio. "Nilikuwa sitaki kumwondoa. Nilikuwa naogopa tu."

Basi lilimchukua Saida peke yake. Mchana huo Eusebio alikuwa uani akiosha vifaa, na Bi Sabra alikuwa kwenye benchi lake, anaonekana mlangoni. Huenda ni kwa sababu ya kazi kwisha vizuri, Eusebio akalitoa swali la miaka kumi na mitatu.

"Bi, mwaka ule wa choo. Kwa nini hukuniambia?"

Bi Sabra hakuacha kukuna. "Ulisema mwenyewe. Kazi isipopendwa unapanda lori."

"Yalikuwa maneno tu."

"Ungepanda. Nilikuona usoni. Nikasema lori lipite kwanza, kisha nitamwambia akigeuze. Selemani akaniwahi."

Eusebio aliishika pauro mkononi bila kuiosha. Wiki mbili nzima alikuwa amehangaika yule mama asihamishwe mji, kumbe mwenzake alishamfanyia hivyo zamani, kwa miguu, wala hakudai hata kusikilizwa.

"Mwezi mzima, Bi," alisema. "Na kopo."

"Kwa Selemani si mbali," alisema Bi Sabra. "Mueda ndiko mbali."

Eusebio alisema ahsante. Akaona haitoshi, akaisema tena kwa Kimakonde, maneno mengi kuliko aliyozoea kusema kwa siku nzima. Bi Sabra, ambaye lugha ile hakuijua vizuri, alimngoja amalize, kisha akaitikia, "Haya, mwanangu."